Tazama Maungo

Mwaka 1991 nilipoanza utingo kwenye magari ya watalii mjini Arusha, watu niliowaona wakitembea na zana zao kila siku walikuwa Wamasai. Sime ilikaa kiunoni ndani ya ala ya ngozi nyekundu, na mwenyewe wala hakuiwaza. Ilikata nyama, ikachonga fimbo, ikafyeka miiba. Sisi watu wa magari tulijiona mafundi, lakini mifukoni tulikuwa na leso na kiberiti tu. Zana zetu zilikaa kwenye sanduku la chuma, chini ya kiti cha nyuma, chini ya mabegi ya wageni, chini ya maboksi ya chakula. Skrubu moja ikilegea njiani, gari zima linapakuliwa.

Ndiyo maana siku nilipoona plaizi inayokunjwa kwenye meza ya machinga, karibu na Soko Kuu, nililipa bila hata kupatana bei. Machinga alinihesabia vidole vyake vya mikono vikamwishia: kisu, tupa, msumeno, bisibisi tatu, kifungua kopo, kifungua chupa, na vingine ambavyo hata yeye hakujua kazi yake. Vyote viling'aa. Nikaitundika kwenye mkanda, nikatembea siku hiyo nzima na shati nimelichomekea ili kila mtu aione.

Gereji yetu ilikuwa na mzee mmoja aliyefungua na kufunga Land Rover kabla sijazaliwa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikamwonyesha. Aliipokea, akaifungua mara moja, akanirudishia.

"Marahaba. Umenunua sanamu ya zana, mwanangu."

Nilidhani ni wivu wa wazee.

Wiki haikupita. Tulikuwa Mto wa Mbu, enzi hizo lami ya kwenda Ngorongoro haijawekwa na gari lilitikisika kama chekecheke tangu Makuyuni. Klipu ya mpira wa dizeli ikalegea, mafuta yakaanza kuchuruzika. Dereva akaniambia nishike klipu, yeye akaze. Nikachomoa zana yangu mbele ya wageni wanne, nikabana. Sikusikia mlio wowote. Riveti ililala upande tu, taya mbili zikapishana kama meno ya kizee, na klipu ikabaki pale pale. Wageni walitazama pembeni kwa adabu. Sanduku likashushwa, na juu yake mabegi, na maboksi, na kuku wa kuchoma wa mchana.

Tuliporudi Arusha, Mzee hakunicheka. Alikaa kwenye tairi, akaiweka ile maiti pajani, akanifundisha somo ambalo nimeishi nalo tangu hapo.

"Wewe ulihesabu meno," alisema. "Meno si kitu. Tazama maungo."

Akanionyesha hatua kwa hatua. Kwanza, funga plaizi kisha uiinue juani: ukiona mwanga unapita kwenye ncha ya taya, hazikutani, na zisizokutana hazishiki. Pili, fungua kisu, ukisukume kwa kidole gumba kushoto na kulia. Kikicheza leo kikiwa kipya, kesho kitakata kidole chako. Tatu, pitisha tupa nzuri mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila kama inakula mhogo, huo ni mhogo. Jaribio la nne nililipenda kuliko yote. Alichukua karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara, akaibana kwenye ncha kabisa ya plaizi yake ya gereji, akanipa upande wa pili nivute. Nikavuta, ikachanika. Akarudia kwa zana yangu. Karatasi ilitoka nzima, haina hata alama.

"Wanaojua kutengeneza," alisema, "fedha zao wamezizika kwenye kiungo. Wasiojua, wamezipaka juu."

Zana ya pili niliyokaa nayo ilikuwa kisu chekundu cha Uswisi, cha Victorinox, alichoniachia mgeni wa Kijerumani. Nilikipeleka moja kwa moja kwa Mzee kama mtu apelekaye mchumba kwa wazazi. Alikisukuma kushoto, kulia. Hakikucheza. Alikifungua na kukifunga karibu na sikio lake, akisikiliza ule mlio mkavu wa kila kipande kinapokaa mahali pake.

Baadaye nilisoma habari zake. Karl Elsener alifungua karakana yake ya visu mwaka 1884 katika Uswisi ya milimani, kijiji cha Ibach, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi kisu cha askari. Kile tunachokijua leo, chenye kizibuo na vipande pande zote mbili, kilikuja mwaka 1897 kama kisu cha maofisa. Ujanja wake mkubwa ulikuwa springi: springi ile ile inabeba zana za upande huu na za upande ule, kwa hiyo kisu kinapata kazi nyingi bila kunenepa. Nikamkumbuka Mzee. Yule Mswisi naye alianza na maungo.

Kisu kile kilikuwa chepesi hata nikakisahau mfukoni. Kibano chake kidogo kilitoa miiba ya mgunga kwenye nyayo za wageni zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na mkasi wake ulikata bendeji, kucha na nyuzi za hema. Lakini hakikuwa na plaizi, wala kisu chake hakikuwa na kufuli. Hayo yote niliyajua. Hata hivyo, siku moja pale Karatu nikakitumia kuchokoa mpira uliogandiana na chuma, nikisukuma kwa ncha badala ya kukata kwa makali. Kikajikunja juu ya kidole changu cha shahada. Kovu lipo mpaka leo, na kosa ni langu. Ubapa usiofungwa na kufuli unataka ukate kwa kuvuta. Ukiusukuma, umeuonyesha njia ya kurudi nyumbani, na nyumbani kwake ni kwenye vidole vyako.

Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, fundi wa mashua huko kwao, alinipungia mkono wa kwaheri kisha akarudi, akafungua mkanda wake, akanipa kipochi cha ngozi nyeusi. Ndani kulikuwa na Leatherman, ile ya kwanza kabisa, wanayoiita PST. Alinisimulia chanzo chake, na hadithi ile ilinifurahisha kwa sababu ilinuka gereji. Mwaka 1975 Tim Leatherman wa Oregon alizunguka Ulaya na mkewe kwa Fiat kuukuu iliyokuwa ikiharibika kila mara. Mfukoni alikuwa na kisu cha kukunja, na kila mara alichokikosa kilikuwa plaizi. Alirudi akachonga mifano ya kadibodi, kisha ya chuma, miaka ikapita, akapata hataza mwaka 1980, na mauzo ya kwanza yakaja mwaka 1983. Nilipoyasikia hayo nilisema, huyu ni utingo mwenzangu.

Mzee aliiinua juani. Giza tupu katikati ya taya. Karatasi ya sigara ikachanika. Akaniambia neno moja tu: "Hii."

Nikaielewa Ndutu, mwezi wa pili, nyumbu wakizaa. Land Cruiser ilinguruma bila kwenda popote: waya unaovuta mafuta kutoka kwenye pedali ulikuwa umekatika karibu kabisa na mwisho wake. Sanduku la zana lilikuwepo, lakini hapakuwa na mtu wa kushuka na kupakua mzigo, kwa sababu mita mia moja kutoka kwetu simba jike alikuwa amelala kivulini na wanawe. Kazi yote ikafanyika ndani, nimepinda chini ya usukani. Nilikata kipande cha waya wa kufungia kwa ile sehemu ya kukatia iliyo shingoni mwa taya. Nikausokota kwa ncha ya plaizi kuzunguka waya uliokatika, nikalegeza skrubu ya pedali kwa bisibisi, nikaukaza chini yake. Mpini wa zana ile ni bamba jembamba lililokunjwa. Ndiyo siri ya wepesi wake, kama gramu 140 tu, na wepesi una bei yake: ukibana kwa nguvu, kingo zinaingia kiganjani. Nilizungushia leso, nikabana tena. Tulitembea polepole mpaka kambini, jua likizama.

Nilitegemea Mzee atanisifu. Aliutazama ule msokoto, akaukata, akauvisha waya mpya.

"Usijidanganye kwamba umetengeneza gari," alisema. "Umelileta gereji. Zana ya mfukoni kazi yake ni hiyo, na ikiifanya usiidai zaidi."

Kisha ikaja Septemba 2001, na ulinzi wa viwanja vya ndege ukabadilika dunia nzima. Wageni waliosahau zana kiunoni au kwenye mkoba wa mkononi walikumbuka wakiwa wameshafika uwanjani, na aliyekuwa karibu alikuwa dereva. "Chukua, tafadhali." Kwa miaka kadhaa zilipita mikononi mwangu zana ambazo kwa mshahara wangu nisingeweza kuzigusa, na madereva wenzangu wakaniletea zao nizipime. Tulipeana karatasi za sigara kama madaktari wanavyopeana vipimo.

Gerber ilinifurahisha kwa mkono mmoja: unaitikisa, taya zinateleza nje kwa kishindo kama risasi inayoingia chemba, wakati mkono mwingine umeshika kitu cha moto. SwissTool ya Victorinox ndiyo iliyokuwa na maungo mazuri kuliko zote nilizowahi kushika. Kila kipande kinafunguka kwa nje, kina kufuli, na upande laini wa mpini ndio unaokaa kiganjani. Ila ina karibu gramu 300, na suruali yangu ya kazi ilikuwa ikiteremka. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini nundu huzaliwa na ng'ombe, hainunuliwi. Nilijikuta naiacha kwenye gari, na zana inayoachwa kwenye gari imerudi kuwa sanduku lile lile chini ya mabegi. Katikati ya hizo ipo Wave ya Leatherman, iliyotoka mwaka 1998, kama gramu 240. Visu vyake unavifungua kwa kidole gumba bila kuikunjua zana nzima, na matoleo ya baadaye yana skrubu zenye tundu la nyota kwenye maungo, kwa hiyo kiungo kikilegea kinakazwa tena.

Mimi nilibaki na ile PST. Sikuiona bora kuliko nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuzoea mahali inapouma. Kila Jumapili tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, vumbi la Serengeti linatoka jeusi kama wino, nafuta, nafunga.

Mzee alizikwa kwao Upareni, na mimi nimeacha usukani. Mwaka jana kijana mmoja dereva alinijia nyumbani na zana mpya, nzito, nyeusi, aliyoinunua kwa fedha nyingi. "Shikamoo babu. Wanasema wewe ndiye unayejua kuzipima."

Niliiinua juani: giza. Nilisukuma kisu: hakikucheza. Nikamwomba karatasi ya sigara. Akacheka, havuti. Jirani havuti. Mtaa mzima, inaonekana, haukuwa na pakiti hata moja. Nikasema basi, unywele unatosha, lakini kijana kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kinang'aa kama ile zana yangu ya kwanza.

Nikabana unywele mmoja mweupe wa ndevu zangu kwenye ncha kabisa ya taya, nikavuta.

Ulitoka na mzizi wake. Nilifuta chozi, nikamrudishia kijana zana yake.

"Hii," nilimwambia.