Umeona Nani?

Majira ya baridi ya Ulaya kwetu Karagwe hayana baridi yoyote ya kutajwa. Ni mvua, matope mekundu na senene. Novemba ikifika, Omurushaka hailali vizuri: taa kali zinawashwa, mapipa na mabati yanasimamishwa, na asubuhi wanawake wanakaa wakinyonyoa mabawa huku redio ikiongea peke yake. Ndio msimu ninaoupenda kutembea, maana wageni wa angani nao wamefika.

Natembea na mbwa anayeitwa Watasema. Jina alimpa baba, na kumwita kwa sauti njia panda ni kujitafutia maneno. "Watasema nini, mama?" vijana wa bodaboda huuliza, na wenyewe hucheka kabla sijajibu. Mwanamke mtu mzima kuongozana na mbwa bila mbuzi wa kuchunga ni jambo lisiloeleweka. Nilipoanza kuvaa darubini shingoni, wakaamua kwamba napima viwanja, na wawili wakaniuliza bei.

Nilirudi nyumbani mwaka 2021 kwa ajili ya macho ya baba. Ni presha ya macho. Ugonjwa huo haurudishi ulichokwisha kuchukua. Dawa za matone zinalinda kilichosalia tu, na kwake kilichosalia ni mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu anayepita. Huyu ni mtu aliyekua akiamia ulezi, akiwafukuza ndege kutwa nzima kwa mawe na kelele, na kwa kuwafukuza akawajua wote. Nikirudi asubuhi haniulizi nimefika wapi. Ananiuliza, "Umeona nani?" Anasema nani, si nini.

Kwa hiyo nimelazimika kutazama kwa makini, kwa sababu jibu la "mbayuwayu" halimtoshi. Mbayuwayu yupi? Yupo wa kwetu, anayekaa hapa mwaka mzima na kujenga kwa udongo chini ya paa: wekundu wa kooni unamshukia mpaka kifuani, na tumbo lake ni la kijivu. Yupo mgeni, ambaye wekundu wake unakatwa na mkanda mweusi wa kifuani, na chini ya hapo ni mweupe. Huyo ana uzito wa gramu 20 hivi, na amevuka Sahara. Hapa hajengi wala hatagi. Anakula, na anabadilisha manyoya ya mabawa moja baada ya jingine, ndiyo maana mwezi wa kumi na mbili wanakaa kwenye nyaya za umeme wamechakaa kama waliovaa nguo za kazi. Ikifika Machi mikia imerefuka, wanang'aa, na siku moja nyaya ziko tupu.

Keremkerem wa Ulaya ni tofauti, hao baba hunitangulia. Wanapita juu sana, nami sioni kitu, lakini yeye barazani ameshasikia ile milio yao ya kuviringika, na nikifika ananisimulia yeye.

Korongo weupe hawaji kila mwaka kwenye njia yangu. Wakija hutua penye nyasi fupi na kuokota panzi kwa utulivu wa mahakimu, na Watasema, ambaye hufukuza hata kuku wa askofu, kwao hukaa chini. Nilimsimulia baba habari ya korongo aliyepigwa risasi Ujerumani mwaka 1822 karibu na Klütz, akakutwa na mkuki wa Kiafrika umepita shingoni mwake. Wenzetu kule walikuwa bado wanabishana ndege huenda wapi wakati wa baridi; wengine walidhani mbayuwayu hujizika kwenye matope chini ya maziwa. Korongo yule bado yupo, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Baba alifikiri kwa muda. "Aliruka na mkuki mpaka kwao," alisema, "na kwao ndiko wakamuua." Halafu akaomba chai.

Lakini wageni si tatizo letu. Tatizo ni wenyeji wawili. Bonde la chini lina mafunjo, na humo walikuwa wakikaa korongo taji, dume na jike, wale ambao jirani zetu Waganda wamewaweka kwenye bendera. Tangu mwaka 2012 wamo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini, na sababu kubwa ni mabonde ya namna hii kukauka. Msimu huu nusu ya mafunjo imefyekwa na mitaro imechimbwa. Kuna kabichi na maharage. Siwezi kumlaumu aliyelima. Ana watoto watatu sekondari, na bonde ndiko unyevu unakobaki Januari migomba ikianza kunyauka. Ila kila asubuhi baba aliuliza, "Na wale wawili?" na kwa wiki tatu nilijibu kwamba sijawaona.

Katikati ya Februari akasema nimpeleke. Nilikodi bodaboda, yeye akapanda katikati yetu na fimbo yake, Watasema akatufuata mbio. Tulimkalisha kwenye tuta la mtaro. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na juu yetu mbayuwayu walikuwa wakizungumza kwenye waya. Nilimweleza mafunjo yanaishia wapi sasa. Alinikatiza kwa kuinua kidole, akakielekeza upande wa mto.

"Pale," alisema. "Wawili." Akasikiliza tena. "Hapana. Mmoja."

Niliinua darubini. Ilikuwa ukungu mtupu.

"Mngoje," alisema baba, akajifunika blanketi magotini.