Maharage ya Concord, Samadi ya Ukara

Treni ya kutoka Boston hupita ukingoni kabisa mwa ziwa dogo la Walden, na ilikwishaanza kupita hapo mwandishi Henry David Thoreau alipohamia kibandani kwake mwaka 1845. Nalitaja hili kwa sababu wengi tuliosoma kitabu chake, Walden, tulidhani alikimbilia porini. Kiwanja kilikuwa cha rafiki yake Emerson, na mjini Concord ni mwendo wa miguu tu. Leo watu huja hapo na taulo begani kuogelea. Alilima ekari mbili na nusu hivi, nyingi za maharage, akaandika hesabu mpaka nusu senti, na baada ya miaka miwili na ushei akaondoka. Shamba lilikuwa darasa. Mwanafunzi alipohitimu akaenda zake. Majirani zake wakulima, aliowaona wamezikwa na madeni ya mashamba yao, wakabaki.

Kuwasikia waliobaki inabidi kwenda Kentucky. Mwandishi Wendell Berry, mzaliwa wa 1934, aliacha kazi ya ualimu New York akarudi kwao karibu na Port Royal, kulima kwa farasi vilima vinavyoteremkia mto Kentucky. Katika miaka ya 1970 waziri wa kilimo wa Marekani, Earl Butz, aliwataka wakulima wapanuke au waache kilimo. Berry akamjibu mwaka 1977 kwa kitabu The Unsettling of America. Humo aliwashika pia watetezi wa mazingira: wanapenda misitu ya kutembelea Jumamosi, lakini hawaulizi chakula chao kimelimwaje. Na mchapishaji wa kitabu alikuwa Sierra Club, chama cha watetezi haohao. Uungwana huo nimeupenda.

Nililoshangaa huko ni tumbaku. Nayo ni sumu, Berry mwenyewe hakulikwepa swali hilo, lakini aina yao ya burley hukaushwa kwa upepo, ikining'inizwa ndani ya mabanda marefu ya mbao. Aliyeona kuni zikirundikwa kando ya mabani ya kukaushia tumbaku ya Urambo, kwetu Tanzania, ataelewa kwa nini nilisimama nikitazama.

Kisha nikarudi nyumbani, nikavuka hadi Ukara, kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe. Hapa Berry angenyamaza asikilize. Wakara walijenga kilimo chao kabla mtaalamu yeyote hajafika: ng'ombe wanafugwa ndani, wanakatiwa majani na kuletewa, samadi inabebwa kichwani mpaka shambani. Katikati ya uwele hupandwa marejea, ambayo baadaye hufukiwa ardhini kuwa mbolea. Njugu mawe nazo zina zamu yake. Nilisogea kivulini, mzee mmoja akaniambia, "Karibu mwanangu, ila usivunje tawi. Mti huu una mwenyewe." Kila mti una mwenyewe. Wakoloni walipoandika habari za kisiwa hiki miaka ya 1930, walistaajabu kuona watu wengi hivyo wakiishi kwenye mchanga mwepesi hivyo.

Jirani hapo Ukerewe ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi. Gamba la Nyoka, riwaya yake ya 1979, inasimulia wanakijiji wanaohamishwa ili wakaishi kijamaa, na vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaowaletea habari njema wasizoziomba. Imeachana na kitabu cha Berry kwa miaka miwili tu. Huku ujamaa, kule ubepari, na kote mkulima anaelezwa na mtu wa ofisini namna ya kuishi na udongo wake. Walimu wetu wa fasihi wamezoea kuisoma riwaya hii kama siasa tupu. Wanaipunja.

Lakini Ukara ina jambo ambalo Berry hana jibu lake. Yeye anaamini uangalifu huzaliwa na mapenzi ya mahali, na tabia njema. Wakara waliohamia ng'ambo ya ziwa, walikokuta ardhi tele, waliacha samadi na marejea, wakalima kama majirani zao. Walikuwa watu walewale, na tabia zao zilezile. Kilichobadilika ni ukubwa wa shamba. Na aliyewahi kupandisha samadi mlimani hawezi kuwalaumu.

Kwa hiyo, kati ya hao wawili wa Marekani, namweka Berry mbele ya Thoreau bila kusita. Ila msomaji wa Kiswahili amsome baada ya kufika Ukara, si kabla.