Iten, kwa Mwendo wa Pole

IWAPO hujawahi kufika Iten, panda matatu mjini Eldoret asubuhi na mapema. Baada ya zaidi ya kilomita 30 za mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, utapita chini ya lango linalokutangazia kwamba umefika nyumbani kwa mabingwa. Usisahau sweta. Mji huu uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari.

Alfajiri utaona makundi ya wakimbiaji kwenye barabara za udongo mwekundu, kimya, nyayo tu zikisikika. Hapa ndipo Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alipofika mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, akaishia kuwanoa wanariadha. Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul mwaka 1988, alisoma shuleni hapo. David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012, ni mwanafunzi wa kocha huyo huyo.

Mimi sikufuata rekodi. Nilikwenda kuona kama bado naweza kukimbia. Nilipokuwa chuoni mbio zilikuwa maisha yangu, kisha nikaanza kupungukiwa na damu. Kila nikirudi mazoezini, wiki tatu hazipiti kabla ya kizunguzungu kunilaza kitandani. Vidonge vya madini ya chuma vilinichafua tumbo, nikaviacha. Nikajaribu unga wa kuongeza nguvu, ule wa mkebe. Moyo ukanidunda usiku kucha.

Sasa Iten si mahali pa kwenda na damu haba. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, hivyo mwili hulazimika kutengeneza chembechembe nyekundu zaidi za damu. Kazi hiyo haifanyiki bila chuma. Ni kama fundi aliyeletewa oda ya viti hamsini ilhali hana mbao. Siku ya kwanza nilikimbia dakika kumi, nikaketi kando ya njia. Watoto wa shule walinipita wakienda mbio na mikoba yao mgongoni, wakanipa pole.

Kabla ya safari, daktari alikuwa amenipima damu na kunipa masharti: kidonge kimoja, siku moja nimeze, siku ya pili nipumzike, tena pamoja na chungwa au embe, kwani matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ingoje saa mbili, kwa sababu majani yake huzuia chuma.

Msomaji, hebu jaribu kukataa chai nyumbani kwa watu Iten! Mama aliyenikaribisha alikuwa ameshamimina kikombe, maziwa tele. Nilimweleza shida yangu huku nikiona haya. Akacheka. "Mwanangu, chai haina miguu. Itakungoja."

Tangu siku hiyo nilikula kwanza ugali, managu na nyama kidogo, kisha embe lililopandishwa kutoka Bonde la Kerio. Chai ilifuata baadaye. Tumbo likatulia. Mkebe wa unga niliutupa. Wanariadha wa hapa huiogopa mikebe hiyo kwa sababu nyingine pia: baadhi huwa na dawa zilizopigwa marufuku ambazo hazikuandikwa, na likipatikana tone mwilini mwako, mwenye kujibu ni wewe.

Nawe usije ukakimbilia vidonge vya chuma kwa kusoma hapa. Pimwa kwanza, kwani chuma kikizidi nacho hudhuru.

Siku ya mwisho nilikimbia dakika ishirini na tano hadi ukingoni, ambapo ardhi inakatika na Bonde la Kerio linafunguka chini yako, la buluu na kimya. Nilirudi nikitembea. Zamani ningeona aibu. Siku hiyo sikuona. Hata mabingwa niliowapishana nao, siku zao za kupumzika, walikwenda taratibu hivyo hivyo.

Basi ukifika Iten, usikatae chai ya mama. Mwombe tu akuwekee kwenye thamosi.