Acha duara, fuata barabara: kupanga kituo cha mbolea kwa kutumia ramani ya kompyuta

Leo naomba tuache kidogo viwavijeshi na nafasi za kupandia, tuzungumze kuhusu barabara. Naongea na wewe afisa ugani mwenzangu, kiongozi wa AMCOS, wakala wa pembejeo, na pia wewe mkulima unayejiuliza kwa nini mbolea inafika kata ya jirani lakini kwako haifiki.

Kwenye vikao vya maandalizi ya msimu kuna ramani ya aina moja ambayo bila shaka umewahi kuiona. Mtu anaweka nukta pale alipo wakala, anachora duara la kilomita 10, halafu anahesabu vijiji vilivyoangukia ndani. Vilivyo ndani vinaandikwa kuwa vimefikiwa. Ramani hiyo inapendeza ukutani. Lakini huku Songea vijijini hakuna mtu anayesafiri kwa kufuata duara. Watu wanapita njiani, na njia zetu zina mito, vilima na tope.

Mwezi Januari mwaka mmoja mama mmoja alinisimamisha nikiwa kwenye pikipiki. Ana ekari mbili za mahindi. Wakati wa kiangazi bodaboda humtoza shilingi 3,000 kumbebea mfuko mmoja wa mbolea. Siku ile alitakiwa kulipa 10,000. Akaniambia, "Bwana shamba, mnatangaza mbolea imeshuka bei. Mbona kwangu haijashuka?" Kwenye duara la kikao mama huyu yuko ndani kabisa, kilomita 6 tu kutoka kwa wakala. Alinunua mfuko mmoja wa urea badala ya miwili na kuugawa kwenye ekari zote mbili. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023 imesaidia sana, lakini bei ya dukani ni sehemu tu ya bei anayolipa mkulima. Sehemu nyingine anailipa njiani, na hiyo haiandikwi kwenye tangazo lolote.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia kile ambacho wataalamu wa ramani wanakiita uchambuzi wa mtandao. Mtandao hapa sio intaneti. Ni mtandao wa barabara: makutano yanakuwa nukta, na kila kipande cha barabara kati ya nukta na nukta kinapewa gharama yake. Gharama inaweza kuwa kilomita, dakika au shilingi. Kompyuta inapita kwenye vipande hivyo na kukutafutia njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mholanzi Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959, na mpaka leo programu nyingi zinazokuonyesha njia kwenye simu zimejengwa juu ya wazo hilo.

Huhitaji kununua kitu. Programu ya QGIS ni ya bure, na kompyuta ya kawaida ya ofisini inaiweza. Ramani ya barabara unaipata bure OpenStreetMap. Tatizo ni kwamba ramani hiyo haikuchorwa kwa usawa. Dar es Salaam, ambako kulikuwa na mradi wa Ramani Huria kuanzia mwaka 2015, utakuta hadi vichochoro. Kwetu utakuta barabara kuu zote: ya Njombe kupitia Madaba, ya Mbinga hadi Mbamba Bay, ya Namtumbo na Tunduru, na ile ya Likuyufusi kwenda Mkenda mpakani. Ila ukiingia ndani, njia za vitongoji unazozipita kila wiki nyingine hazipo kabisa. Hizo nilizirekodi mwenyewe kwa simu yangu nikiwa kwenye ziara zangu za kawaida. Maafisa ugani wengi tulipewa pikipiki mwaka 2022, kwa hiyo njia tunazipita tu. Washa kirekodi cha njia, simu weka mfukoni, endelea na kazi.

Kuna mambo mawili ya kiufundi yatakayokusumbua, nayaeleza ili usipoteze siku nzima. La kwanza, barabara mbili zinapokutana lazima ziwe na nukta moja ya pamoja. Kwa macho unaweza kuona zimegusana, kumbe kuna pengo la mita mbili, na kompyuta inaona ukuta. Ikikupa njia ya ajabu inayozunguka kata tatu, kuza ramani uangalie makutano kabla hujailaumu programu. La pili, weka ramani yako kwenye mfumo wa vipimo vya mita. Songea tuko kanda ya 36 Kusini, ambayo kwenye QGIS ina namba 32736. Wenzetu wa Namtumbo mjini na Tunduru wako kanda ya 37, namba 32737, kwa sababu mstari wa nyuzi 36 unapita katikati yetu. Ukichanganya faili za pande mbili bila kuzibadilisha kwanza, ukubali usumbufu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo ni mwendo. Kwenye jedwali la barabara ongeza safu ya kasi. Nenda kwenye zana za uchakataji, kundi la uchambuzi wa mtandao, chagua njia ya haraka badala ya njia fupi, kisha iambie programu isome safu hiyo. Kasi unaitoa wapi? Usiitoe kichwani. Mimi nilikaa na vijana wa bodaboda kijiweni, soda zikawepo, tukapitia kipande kimoja kimoja. Walichonipa, kwa pikipiki iliyobeba mifuko miwili, ni hiki: lami kilomita 50 kwa saa, changarawe 30, udongo wakati wa kiangazi 20, udongo wakati wa mvua 10. Halafu mmoja wao akagusa kivuko kimoja kwenye karatasi akasema, "Hapa ukifika Januari unarudi nyumbani."

Neno lile lilibadilisha ramani nzima. Chukua njia ya yule mama. Kiangazi ni kilomita 4 za changarawe na 5 za udongo, jumla 9, ambazo ni kama dakika 23. Mvua zikikolea kile kivuko kinafungwa, na inabidi azunguke: kilomita 6 za lami, 8 za changarawe na 9 za udongo wenye utelezi. Jumla kilomita 23, na hesabu inakuja saa 1 na dakika 17. Shamba ni lile lile, wakala ni yule yule. Na ujue mbolea ya kukuzia inahitajika wiki chache baada ya kupanda, maana yake hapa kwetu ni ndani kabisa ya mvua. Njia anayoihitaji zaidi inafungwa katika wiki zile zile anazoihitaji.

Kwa hiyo usitengeneze mtandao mmoja. Tengeneza wa kiangazi na wa masika, kwa safu mbili tofauti za kasi, na vivuko vinavyofungwa uvitoe kwenye ule wa masika. Pia tofautisha vyombo. Daraja la magogo linalopitisha pikipiki halipitishi Fuso yenye tani 7. Ukitumia mtandao wa pikipiki kupanga lori, dereva atakupigia simu usiku akiwa katikati ya pori.

Baada ya hapo nikatumia zana ya eneo la huduma. Hii badala ya kuchora duara inakuchorea barabara zote unazoweza kuzifikia ndani ya muda uliotaja, mimi nikaweka saa moja. Ile picha haifanani na duara hata kidogo. Inafanana na mkono wenye vidole: mrefu kando ya lami, mfupi kwenye udongo, na umekatika pale penye mto. Tulikuwa na sehemu mbili za kuchagua kwa ajili ya kituo cha pili cha kuuzia. Ya kwanza ilikuwa senta ya barabarani, ambako wakala alipataka kwa sababu lori linafika mwaka mzima. Ya pili ilikuwa ghala la AMCOS, ng'ambo ya kivuko. Kiangazi zilikaribiana sana. Kwa mtandao wa masika, ukiweka kituo senta, vitongoji vinne vinabaki nje ya saa moja. Ukikiweka ghalani kinabaki kimoja.

Nikadhani nimemaliza kazi. Wakala akauliza swali ambalo mtu wa ofisini haulizi: "Na lori langu Januari linapita wapi?" Halipiti. Tukaendesha mtandao wa Fuso, na jibu likawa kwamba ghala lile linafikika kwa lori mpaka mvua za kwanza kubwa tu. Kumbe tulichokuwa tunapanga hakikuwa mahali peke yake, tulikuwa tunapanga na tarehe. Mbolea ya kukuzia ilitakiwa iwe imeshaingia ghalani kabla Novemba haijaisha, ivuke mto wakati mto bado unavukika, ikae inasubiri.

Wakala hakupenda, na namwelewa. Mtaji wake unalala ghalani miezi miwili, na hana uhakika nani atakuja kununua. Kilichomlainisha ni karatasi nyingine kabisa: viongozi wa AMCOS waliorodhesha wanachama waliokwisha kujiandikisha kwenye ruzuku, kila mmoja na idadi ya mifuko anayohitaji, na wengine wakaanza kuweka akiba kidogo kidogo baada ya kuuza mahindi. Alipeleka mifuko 120, pungufu ya tulichoomba. Iliisha kabla ya mwisho wa Januari. Msimu uliofuata hakuhitaji kubembelezwa.

Ukitaka kujaribu, anza na kata moja tu, na usisubiri ramani ikamilike. Waombe TARURA walioko wilayani kwako orodha ya barabara wanazozihudumia, maana wao wana urefu na aina ya uso wa barabara. Halafu ipeleke kijiweni ikasahihishwe. Kila Desemba rudia vivuko, kwa sababu mvua moja inaweza kuondoka na kile ulichokiandika mwaka jana. Faida ya pembeni ni kwamba mtandao huo huo unanipangia ziara zangu za wiki. Nilikuwa napita vijiji kwa mpangilio wa ratiba iliyobandikwa ofisini, siku hizi napita kwa mpangilio wa barabara, na petroli niliyokuwa naimaliza Alhamisi inanifikisha Ijumaa jioni.

Kile kitongoji kimoja kilichobaki nje kina kaya 41, na hakuna mahali utakapoweka kituo kikaingia ndani ya saa moja wakati wa masika. Nimejaribu sehemu sita. Kisha nikajaribu kitu kingine: nikaacha kituo palepale ghalani, nikafungua kipande kimoja cha mita 30 kwenye kompyuta, kana kwamba kuna kalavati. Safari ya saa 1 na dakika 35 ikashuka mpaka dakika 40. Nimechapa ramani zote mbili, ya bila kalavati na ya kuwa na kalavati, mtendaji wa kijiji amezigonga muhuri, na zimeambatishwa kwenye maombi ya barabara ya mwaka huu wa fedha.