Parklands, Kabla ya Njia ya Moyale



Msafiri atokaye Mwambao kwa pikipiki kuelekea Uhabeshi kwa kawaida hupita Nairobi, na akipita Nairobi twamshauri alale Parklands. Mtaa una uzuri wake: miti mirefu, barabara zinazotajwa kwa nambari, na msitu wa City Park ambao kima wake huja hadi mkononi kutaka njugu. Lakini si uzuri unaotufanya tuseme hivyo. Ukishuka Parklands kwa njia ya Ngara wafika Kirinyaga Road, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, na huko hakuna kipande cha injini usichoweza kukipata ukiwa na subira ya kuuliza duka baada ya duka. Na ukibaki mtaani penyewe, hospitali za Aga Khan na M.P. Shah hazitengani mwendo mrefu. Mwenye kupanda chombo cha magurudumu mawili aijue njia ya huku na ya huku kabla hajaihitaji.

Kuna na jambo la hewa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Karabureta iliyorekebishwa Mombasa hupimia petroli kwa kadiri ya hewa nzito ya pwani. Ikipanda huko juu hewa huwa nyepesi, petroli ikazidi, plagi zikashika masizi. Pikipiki mbili tulizotoka nazo Mombasa zilikwea kilomita 480 kwa uaminifu, kisha zikaingia mjini zikikohoa moshi mweusi kama mzee wa kiko. Hiyo ndiyo ajali ndogo ya mwanzo, na tiba yake ilikuwa nusu siku ya fundi.

Tulikuwa watatu. Fundi wetu wa Majengo, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa mbele. Sisi tulikaa nyuma yake. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, aliendesha ya pili pamoja na mizigo. Nia ilikuwa Harar, mji wa kuta na misikiti katika nchi ile waliyohamia masahaba wa mwanzo wakapewa hifadhi. Kwa kuwa ni sunna wasafiri watatu kumteua mmoja wao kuwa amiri, tulimteua fundi. Waliotuona walistaajabu, kwani sisi ndio wenye ndevu nyeupe. Lakini uamiri wa safari hupewa ajuaye kitakachoharibika.

Mwenyeji wetu Parklands ni mjane wa miaka sitini na ushei, mzaliwa wa Mombasa, ambaye marehemu mumewe aliuza spea maisha yake yote. Tumwite Bi Mkubwa, kama wamwitavyo wote. Ghalani mwake ana sanduku la bati aliloachiwa na mumewe kwa ajili ya wapitao: tyubu, viraka, gundi, waya za klachi na za breki, plagi, fyuzi, viungo vya mnyororo, utepe, sindano kubwa na uzi wa nailoni. Kila kitu kimeandikwa katika daftari. Uchukuacho huandikwa, na urudipo hujaza.

Lakini haazimi mpaka atimiziwe masharti yake mawili. La kwanza, kila msafiri aandike wasia wake, madeni yake na kundi lake la damu, aache bahasha kwake. Hilo halikutushangaza, wasia tumeusomesha miaka mingi. La pili ndilo lililotuweka tukizungumza hadi baada ya isha. Alisema, "Sheikhe, likitokea jambo, mama wa kijana huyu alijue siku ile ile, tena kwa sauti ya mwanawe. Sitaki kusikia mmemficha."

Wasomaji wetu, hasa kina mama, mwaijua desturi yetu. Mtu akianguka safarini, nyumbani huambiwa yu salama, simu yake haina chaji. Anayeficha hudhani amefanya hisani. Bi Mkubwa ameishi upande wa pili wa hisani hiyo: aliwahi kufichwa ajali ya mumewe siku nne, akaisikia kwa muuza mboga. Alituambia kuwa alimsamehe mumewe kwa kuanguka, lakini waliomficha iliwachukua muda mrefu kupata msamaha wake.

Na asidhani mtu kwamba mambo haya ya spana na safari ni ya wanaume peke yao. Mnamo Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha ubavuni na trela nyuma, wakavuka jangwa la Sahara. Injini iliwafia jangwani, ikabidi ifunguliwe yote na kuundwa upya Agadez. Julai 1935 waliingia Cape Town. Bi Mkubwa alipokisikia kisa hiki aliuliza swali moja tu: spea zao zilikuwa kwa nani?

Kutoka Nairobi hadi Moyale ni karibu kilomita 780. Wanaoikumbuka njia ya Isiolo hadi Moyale kabla ya lami ya miaka ya 2010 husimulia mawe, vumbi na matuta madogo madogo yaliyovunja shokapu moja baada ya nyingine, na malori yaliyokwenda kwa msafara kwa hofu ya majambazi. Sasa ni lami, na hatari imebadilika sura: upepo wa ubavuni baada ya Marsabit, ambao humsukuma mpanda pikipiki kama mtu amshikaye bega.

Karibu na Turbi tairi la nyuma la mpwa wetu likapata pancha kwa mwiba wa mgunga. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Tulitawadha kwa maji kidogo, tukapaka juu ya buti zetu, kwani buti la pikipiki lifunikalo vifundo, likiwa tohara na likivaliwa baada ya udhu kamili, lina hukumu ya khufu, na msafiri ana ruhusa ya siku tatu na masiku yake. Kibla cha huko ni kaskazini, ukipinda kidogo mashariki, kwa hiyo tuliswali tukiwa karibu tunaitazama njia tuendayo. Tukazikusanya adhuhuri na alasiri, tukazifupisha. Kisha maji tuliyoyaokoa miguuni ndiyo yaliyotuonyesha tundu: fundi aliyapitisha juu ya tyubu, povu likatoka. Kabla ya kubandika kiraka aliingiza mkono ndani ya tairi akapapasa pole pole, kwa sababu mwiba ukiachwa humo kiraka hakifiki kilomita kumi.

Asubuhi ya pili, Moyale, waya wa klachi ukakatika. Hili lilichukua dakika chache, kwa kuwa kule Parklands fundi alikwisha kuulaza waya mpya sambamba na wa zamani na kuufunga kwa utepe. Alichomoa ncha mbili akachomeka nyingine. Hila hiyo ni ya marehemu mwenye sanduku.

Ukivuka mpaka, magari hushika mkono wa kulia, na saa huhesabiwa kama zetu Waswahili, kuanzia alfajiri. Jambo la pili lilitufurahisha, la kwanza lilitutia wasiwasi. Hata hivyo halikuwa ndilo lililotuangusha. Kiasi cha kilomita 200 ndani ya nchi, kabla ya kufika Yabelo, mbuzi mmoja alirudi barabarani kuwafuata wenziwe waliokwisha kuvuka. Mpwa wetu alishika breki, akamgonga, akaanguka. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavimba papo hapo.

Mchungaji alifika na kisu mbuzi akingali na uhai, akamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wazee watatu wa Kiborana walikaa chini ya mti wakamkadiria thamani, dereva wa lori akatutafsiria, tukalipa bila kubishana, maana dhamana ya mali ya mtu haiondoki kwa kukosekana kusudi. Kisha wakatuambia kuwa tumelipa, basi nyama ni yetu. Tukawaachia, wakakataa, wakachoma, tukala pamoja. Mpwa wetu alilishwa, mkono wake umefungwa gango kwa vipande vya kasha na kuning'inizwa kwa kilemba chetu.

Baada ya kula ndipo ilipokuja shida yenyewe. Shoki za mbele zilikuwa zimepinda. Hati ya forodha inayoruhusu chombo kuingia kwa muda huandikwa jina la aliyekiingiza. Hawezi kukitupa akapanda basi akaondoka, ataulizwa mpakani kiko wapi. Kwa hiyo mgonjwa na pikipiki yake walikuwa kitu kimoja. Ungeweza kusema wao warudi na lori, sisi wawili tuendelee na Harar, na hamu hiyo tulikuwa nayo. Amiri akasema, "Tunarudi sote." Tukarudi sote.

Kabla lori halijapakiwa, mpwa wetu aliazima simu ya dereva. Alisema, "Mama, nimeanguka, nimeumia mkono, niko na mjomba na fundi, narudi Parklands." Upande wa pili ulinyamaza kidogo, kisha ukauliza ni mkono upi. Alipoambiwa wa kushoto ukasema alhamdulillahi, basi utaweza kula. Dada yetu alipanda treni kesho yake, akatutangulia kufika kwa Bi Mkubwa, na hospitalini ni yeye aliyekuwa na kadi ya bima mkononi na orodha ya dawa zinazomdhuru mwanawe, mambo ambayo sisi tusingeweza kuyajibu.

Mfupa ulikuwa na ufa, ukatiwa plasta ya wiki sita. Pikipiki ingali uani Parklands, chini ya mjakaranda, ikisubiri shoki. Harar, inshallah, ikikadiriwa.

Fundi alishuka Kirinyaga Road akarudisha tyubu moja, kiraka kimoja na waya mmoja, Bi Mkubwa akafuta katika daftari. Dada yetu aliomba kalamu akaandika mstari mpya, kisha akaweka sandukuni kitu ambacho hakikuwamo: leso moja pana, ya kufungia mkono.