Kosa lako, deni langu

Wadau, leo tuongee mishahara. Siku moja mhasibu aliniita: "Dogo, mwezi uliopita tulikuzidishia. Mwezi huu tunakata." Nikabaki nimeduwaa. Hela yenyewe ilishalipa kodi ya chumba, nyingine nilishamtumia mama kijijini. Wakakata kweli. Mwezi ule nilikula mihogo mpaka basi!

Nilijiona nimeonewa, hadi niliposoma yaliyowakuta askari wa National Guard wa jimbo la California. Enzi za vita vya Iraki na Afghanistan jeshi lilihitaji watu, likawapa bonasi za dola 15,000 na zaidi ili wajiandikishe tena. Wakasaini, wengi wakaenda vitani. Miaka kama kumi baadaye wakaambiwa hawakustahili, au karatasi zao zina kasoro: rudisheni, tena na riba! Gazeti la Los Angeles Times lilipoanika habari hiyo Oktoba 2016, waliodaiwa walikuwa karibu 10,000. Kelele zikapigwa, na ndani ya siku chache Ash Carter, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, akaamuru madai yasimame.

Sikatai, cha mtu ni cha mtu. Mimi nililipwa nisichokifanyia kazi. Lakini wale walitimiza mkataba wao. Bonasi inarudishika, miaka ya vitani je, nani angewarudishia?

Wao walipata gazeti la kuwasemea. Mimi la kwangu ndilo lililonikata!

Mnasemaje, wadau?