Mlango wa Uani

Kila mwezi bosi huniuliza: "Hii laini ya simu ya Lodwar, mbona tunailipia na haitumiki? Ipitishe kwa faiba, tuokoe doh." Ruta iko kule, mimi niko Nairobi, zaidi ya kilomita 600. Kando yake kuna kisanduku, seva ya konsoli, kilichochomekwa kwenye tundu la konsoli la ruta. Waya huo hupitisha maandishi tu, polepole, biti 9600 kwa sekunde, na hauhitaji anwani ya IP. Mtandao ukizima naingia kwa laini ya simu, nijue kama ni faiba imekatika au ruta imegoma.

Si mnakumbuka WhatsApp ilivyopotea jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021? Amri moja ya matengenezo iliangusha mtandao wa Facebook, na njia ya dharura ikaanguka nao. Ikabidi mafundi waende vituoni wenyewe. Huduma zilikosekana kwa takriban saa 6.

Kwa hivyo humjibu bosi hivi: mlango wa uani unaojifunga pamoja na wa mbele hautuokoi. Ruta ikigoma usiku, utamtuma nani apite Kainuk, na majambazi wale?